Ua Nililopanda kwa Kamba

Nyumbani kwangu Bukoba kuna maua ambayo hayataki kuishi, na mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kuyabembeleza. Majirani zangu wa mjini wanapanda maua yao nje, yananyeshewa na mvua ya ziwani na kushamiri bila kuombwa. Mimi napanda ndani. Nina okidi dirishani, nina anthuriamu karibu na cherehani, na kwenye kona ya sebule lilikuwepo ua moja refu la majani mapana yenye mstari wa njano katikati. Hilo ndilo lililoniletea haya ninayoyaandika.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi na sare za kwaya, na kazi hiyo imenizoesha kuogopa vitu vidogo, maana gauni zima huharibiwa na mshono mmoja uliovuta. Mume wangu husema wengine huzaliwa na alama mwilini, mimi nimezaliwa na wasiwasi. Sibishani naye. Asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, nakwenda kuyaangalia maua kama mtu anayempima mtoto homa kwa mkono. Naingiza kidole kwenye udongo. Nageuza majani nikitafuta vijidudu. Okidi ikiwa na matumba, dirisha la upande wa ziwa halifunguliwi, hata kama ndani kuna joto na mume wangu anajipepea kwa gazeti. Upepo wa kule ukiligusa tumba, linaanguka kabla halijafunguka, na mimi nabaki kuliokota mezani sina wa kumlaumu.

Nimeua maua mengi kwa kuyapenda. Anthuriamu ya kwanza niliimwagilia mpaka mizizi ikaoza na kunuka. Okidi moja niliipanda kwenye makapi ya kahawa, nikijisifu kwamba huku kwetu makapi ni mengi na hayana gharama. Yalichacha, yakapata moto ndani kwa ndani, na nilipoingiza kidole nikakitoa upesi. Mizizi ilikuwa imeiva kabisa. Baada ya hapo nikarudi kwenye vipande vya mkaa kama nilivyoelekezwa mwanzo.

Lile ua refu lilikuwa halisumbui, ila lilikuwa kaidi kwa namna nyingine. Nililinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara, aliyeniambia limetoka Mwanza na linaitwa mti wa bahati. Chungu kimoja kilikuwa na vishina vinne, vitatu virefu na kimoja kifupi. Aliniapia kwamba likitunzwa litachanua. Nililitunza miaka na miaka. Nililifuta majani kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikalipa maji ya kuoshea mchele, nikalihamisha kona kwa kona nikitafuta mwanga linaoupenda. Halikutoa hata dalili. Mwishowe vile vishina virefu vikagusa dari na kuanza kujikunja, ikabidi nivikate.

Kutupa sikuweza. Vilikuwa vizima na majani yake yote, na mvua zilikuwa zimeanza. Nikavifunga kwenye khanga ya zamani, nikaenda navyo kwa mama, kijijini Kagoma.

Hapo lazima nieleze habari za mama. Ni mjane, anaishi peke yake kwenye kibanja alichoachiwa na baba, migomba na mibuni ikiizunguka nyumba pande zote. Ana presha. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, na upasuaji hataki kuusikia kwa sababu anaogopa kisu. Kuhamia kwangu Bukoba hataki pia. Anasema kibanja hakiachwi, na kwamba kwangu atakaa kama ua ndani ya chungu. Aliwahi kuanguka kwenye ngazi za saruji za mlango wa mbele, akalala pale chini mpaka alipopita mtu. Tangu siku ile mimi sijalala vizuri.

Kilichoniwezesha kulala hata hicho kidogo ni jirani yake. Huyu ni mjane mwenzake, kibanja chake kinapakana na chetu, na tangu utoto wangu namwita mama mdogo ingawa hatuna undugu wa damu. Kila jioni alikuwa anakatiza kwenye migomba kwa kinjia chao wenyewe, anatokea uani, anaingia jikoni bila hodi. Anampa mama kidonge cha jioni. Wanakaa, wanatafuna amwani, zile kahawa zetu za kuchemshwa na kukaushwa ambazo hakuna mgeni asiyepewa, wanasema watu. Halafu ananipigia simu, na maneno yake yalikuwa yale yale, yakiishia na waitu, yaani mpendwa wetu.

"Amekunywa. Lala, waitu."

Basi. Anakata. Mimi Bukoba nilikuwa siwezi kukaa kula kabla simu ile haijalia.

Siku niliyopeleka vishina ilikuwa Jumamosi, na mama mdogo alikuwa amekwenda msibani Kamachumu. Nilizunguka ua wote nikitafuta pa kupanda. Majani yale yakipigwa na jua kali yanababuka, nilikuwa nimejifunza hivyo kwa hasara, kwa hiyo nilitaka kivuli chepesi. Nilikipata mwisho wa uwanja, pale migomba yetu inapokwisha na ya mama mdogo inapoanza, kinjia chao kinapotokeza. Kivuli kizuri, udongo mweusi, unyevu wa kutosha. Nilifurahi mno kupapata.

Sasa, mimi ni fundi. Mkono wangu hauwezi kupanda vitu vitatu ovyo ovyo. Nilitoa futi kwenye mkoba, nikachonga vijiti, nikavuta kamba, nikapima nafasi sawa kwa sawa. Viwili upande mmoja wa kinjia, kimoja upande wa pili, kinjia kikapita katikati. Nikatandaza nyasi kuzunguka kila shina. Kamba niliiacha palepale, ili mama akipata mtu wa kuviweka sawa vikiinama, ajue mstari uko wapi.

"Umepanda nini huko?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Ua, mama. Lile la sebuleni kwangu, lenye mstari wa njano."

"Lisije likaziba njia ya mwenzangu."

"Haliizibi. Nimeipima."

Nilirudi mjini nimeridhika. Jioni ya kesho yake simu haikulia.

Nilijiambia simu yake haina chaji, maana umeme ulikuwa umekatika kutwa. Nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Nikampigia mama, akasema mwenzake hajaonekana, labda bado amechoka na msiba. Jioni iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Mama alipotuma mtu kuuliza, akaletewa jibu kwamba mama mdogo ana kahawa ya kuanika. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Hakuna anayeanika kahawa kwenye mvua ile.

Nikaanza kuishi na simu mkononi. Nilimpigia mama jioni kumkumbusha kidonge, naye alikuwa na pakiti mbili, ya asubuhi na ya jioni, ambazo kwa vidole zinafanana. Alizichanganya. Siku moja aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nyumba imekuwa ikizunguka tangu mchana, kwa hiyo amekaa chini sakafuni ili isimwangushe. Nikamsihi aje Bukoba. Akanijibu kwamba akiondoka, mwenzake akirudi atamkuta nani.

Nilichambua kila kitu. Je, kuna neno mama alilisema? Je, ni kwa sababu sikwenda msibani na yeye? Je, nilipita mbele ya nyumba yake bila kusalimia? Mume wangu aliniambia wazee wakinuniana huwa wanarudiana, niwaache. Sikuweza kuwaacha. Nilikwenda Kagoma katikati ya wiki, nikakutana na mama mdogo barabarani, ana jembe begani.

"Kasinge, mama mdogo," nikamsalimia kwa Kihaya, nikainama kidogo kama inavyopasa.

Akaitikia. Akauliza habari za mume wangu, za watoto, za kazi. Aliitikia vizuri mno, kama mtu anayemjibu mgeni wa kanisani, na miguu yake haikusimama hata wakati anaongea. Nilirudi Bukoba nimechanganyikiwa zaidi.

Ni katika siku zile ambapo lile ua lilitoa shina la maua. Kile kishina kifupi, nilichokidharau na kukiacha kwenye chungu, kilichomoza kitu katikati ya majani, nikadhani ni jani jipya. Kikarefuka, kikapinda, kikajaa vifundo vya matumba meupe yenye wekundu kwa mbali. Miaka yote nimelisubiri hilo, na lilipokuja sikuwa na nafasi moyoni ya kulifurahia. Nililiangalia kama mtu anayeletewa zawadi akiwa anaumwa jino. Matumba yalidondosha utomvu mtamu sakafuni, sisimizi wakaja, nikawa nafuta huku nimebana simu kati ya sikio na bega namwambia mama aguse pakiti yenye kona niliyoikunja.

Maua yake hufunguka jioni. Siku ya kwanza kufunguka nilikuwa nimekaa nakunja pindo za sare za kwaya, mume wangu anasikiliza taarifa ya habari. Harufu ikaja. Ilikuwa nzito na tamu, ikajaa sebuleni mpaka mume wangu akauliza nimemwaga nini. Nilikuwa naijua harufu ile.

Niliijua tangu utotoni, kwa babu yangu. Nilikuwa nimevunja tawi la mti wenye maua pembezoni mwa kibanja chake, natembea nalo nikilinusa, nacheza bibi harusi. Babu alinipokonya, akanishika mkono, akanirudisha hadi pale nilipolivunja. Hakunipiga. Alinionyesha mti wenyewe na kuniambia kwamba huo ni mulamula, kwamba ng'ambo yake ni kwa watu na huku ni kwetu, na kwamba mtu akiuchezea, watoto wa watoto wake watagombana. Alikuwa akichungulia ng'ambo kama kuna aliyetuona. Mimi nililia kwa sababu sikuwahi kumwona babu akiogopa.

Kila Mhaya anaujua mulamula. Tunaupanda mipakani na makaburini. Ulipo, neno limekwisha. Haupandwi na mtu mmoja kwa uamuzi wake, hupandwa pande zote mbili zikiwepo na mashahidi wakiona. Wala haung'olewi na mtu mmoja, maana anayeung'oa peke yake ni mwizi wa ardhi hata kama ameung'oa kwa nia njema. Ule ninaoujua mimi una majani ya kijani tupu, umekonda, una vumbi, umesimama mvuani. Huu wangu ulikuwa na mstari wa njano, ukatoka Mwanza, ukapewa jina la bahati na kuwekwa sebuleni. Sikuwahi kuwatazama hawa wawili kama ndugu.

Niliiacha sindano kwenye pindo. Nilijiona kule Kagoma, Jumamosi, mwenye nyumba hayupo, nimeinama mpakani mwake na futi na kamba.

"Nenda kaving'oe vishina vyako," mume wangu alisema nilipomweleza. Yeye si mtu wa huku.

"Nikiving'oa peke yangu nitakuwa nimeiba mara ya pili."

Kesho yake nilifika Kagoma mapema, nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Nilipita barabarani, kinjia sikuthubutu. Alinikaribisha, akanipa kiti, akakaa mbali. Kikapu kidogo cha amwani kilikuwa juu ya meza, karibu na mkono wake. Hakukisogeza kwangu. Sijawahi kuingia nyumba yoyote ya Uhaya nisipewe, na nilipoona hivyo nilianza kulia kabla sijasema nililoendea.

Nilimweleza. Chungu, dari, kivuli, mstari wa njano. Nilisikia mwenyewe jinsi maelezo yale yalivyo ya kijinga.

"Ua," alisema.

"Ua, mama mdogo. Naapa."

"Nimetoka msibani nimechoka, napita njia yangu, nakuta mulamula na kamba. Kamba imevutwa, ina vijiti vyake. Nani anapanda ua kwa kamba, mwanangu?"

Nilimwambia ni mimi, ndivyo ninavyopanda.

Hapo ndipo akaniambia nisilolijua. Yeye hakujaliwa mtoto wa kiume, na tangu mumewe afariki, shemeji zake wamekuwa wakisema kibanja kirudi kwenye ukoo. Walipopita kumpa pole ya msiba waliiona ile kamba. Waliipiga picha kwa simu. Walimwambia kumbe hata majirani wameshaanza kumegewa, na wakamuuliza ametuuzia kwa ruhusa ya nani.

"Nikasema moyoni, mama yako amekubaliana nao," alisema. "Nikasema, miaka yote hii nilikuwa nampa dawa mtu ambaye macho yake yanaona."

Nilihisi aibu ambayo siwezi kuipima. Nilikuwa nimekesha nikimhofia mama yangu, na mwanamke huyu alikuwa amekesha ng'ambo ya mpaka akihofia nyumba yake, kwa ajili ya ua langu.

Tulimwita mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na mzee mmoja anayejua mipaka ya pale, na wale shemeji nao waliitwa, wakaja wawili na simu zao. Mwenyekiti alisema hatang'oa chochote mpaka mwenye kibanja chetu awepo kwa miguu yake, si kwa mdomo wa mtoto wake. Nikaenda kumtoa mama jikoni. Nilimwongoza uwanjani kwa mkono, polepole, na njiani nikamweleza kila kitu kwa sauti ya chini. Alipofika akainama, akalitafuta jani kwa vidole, akalipapasa kutoka kwenye shina hadi ncha. Akalivunja kidogo, akalinusa.

"Umenipandia mulamula," alisema. "Kwenye njia ya mwenzangu."

"Sikujua, mama."

"Mimi ndiye kipofu." Kisha akainua uso, akawageukia watu asiowaona. "Mwenzangu yuko wapi?"

Shemeji mmoja alikohoa.

"Niko hapa," mama mdogo akasema.

"Njoo tung'oe. Mgongo wangu hautaweza peke yake."

Waling'oa pamoja, wazee wawili wamekamata shina moja, mbele ya mwenyekiti na wale mashemeji. Vishina vilikuwa vimeshaanza kutoa mizizi, myeupe na mizuri, aina ya mizizi ambayo kwenye chungu ningeipigia vigelegele. Mzee wa mipaka akaonyesha mulamula wa kweli, wa zamani, umejificha ndani kwenye migomba hatua chache kutoka pale, na mwenyekiti akawaambia mashemeji waupige picha na huo. Waliupiga. Vishina vyangu nikavifunga tena kwenye khanga. Kamba niliikata vipande vipande kwa mkasi wangu wa kazini.

Jioni ile ile, nikiwa Bukoba, simu ililia.

"Amekunywa," mama mdogo alisema. Nilingoja lile neno waitu. Akaniambia usiku mwema, akakata.

Ni wiki kadhaa sasa. Anakwenda kila jioni, hajakosa. Vidonge vinamezwa, presha imetulia, na watu wote wananiambia nishukuru yaliyoisha salama. Nashukuru. Ila wiki iliyopita nilipokwenda, niliona kinjia kimeanza kuota majani. Nikamuuliza mama. Akaniambia mwenzake siku hizi anazunguka barabarani, anakuja mlango wa mbele, anapiga hodi na kusubiri nje mpaka akaribishwe.

"Sijamwambia aache njia," mama alisema. "Nimemwambia apite tu jikoni kama zamani. Anasema sawa, na kesho yake anapiga hodi."

Mlango wa mbele ndio wenye zile ngazi za saruji. Nikamuuliza anaufikiaje, jioni, peke yake, kwa macho yale. Aliona swali langu ni la mtu asiyeelewa kitu.

Anaufungua mwenyewe saa kumi, kukiwa bado kuna mwanga anaoweza kuuhisi usoni. Anauacha wazi. Anavaa sweta, anavuta kiti mpaka kizingitini, na kikapu cha amwani anakiweka mapajani. Anakaa hapo kwenye baridi mpaka asikie nyayo barabarani, na zikikaribia yeye ndiye anayetangulia kusema karibu, ili mwenzake asipate nafasi ya kupiga hodi.